Kofia ya Taa Tatu

Mwanaume mwenye mvi kidevuni hapaswi kuonekana mbele ya kompyuta saa nane mchana akiendesha basi ambalo halipo. Mimi nilionekana, tena si mara moja. Kompyuta yenyewe niliinunua kwa ajili ya kazi, maana naishi kwa kuandika makala na kunyoosha Kiswahili cha ripoti za watu wengine. Mchezo wa magari uliingia humo kama kuku wa jirani anavyoingia uani: unamkuta tu yumo, tena amezoea.

Katika mchezo ule unakaa nyuma ya usukani na kuona kile ambacho dereva angeona, yaani kioo cha mbele na kipande cha barabara. Ukitaka kutazama pembeni unabonyeza kitufe, na mkono huo ulioacha usukani ndio unaokutia mtaroni. Wenye uwezo hununua kifaa kinachofuata kichwa: ukigeuka kushoto, dereva wa ndani ya kompyuta naye anageuka kushoto. Bei yake si ya kutamkwa mbele ya mke. Lakini mtandaoni kuna watu wakarimu wanaoeleza namna ya kujitengenezea, na mimi nina shahada mbili, hakuna hata moja ya umeme, kwa hiyo sikuona kizuizi.

Maelezo yalikuwa rahisi. Unachukua kofia, unafunga juu yake taa tatu za infraredi, mwanga ule ule ambao rimoti ya televisheni huutoa na jicho la mtu haliuoni. Kamera ya kompyuta inakutazama, inaona vitone vitatu, na programu inakokotoa kutokana na vitone hivyo kichwa chako kimeelekea wapi. Taa nilizing'oa kwenye rimoti zilizokufa, nikazisimamisha juu ya kofia kwa njiti za mwavuli. Kamera niliiziba kwa kipande cheusi cha mkanda wa picha wa zamani, ili ione mwanga wa taa zangu tu na isione vingine. Mkanda ulikuwa wa picha za harusi yetu.

"Umeikata harusi yangu," mke wangu alisema.

"Nimekata mwisho wa mkanda. Hapana picha pale, ni weusi mtupu."

"Kwa hiyo mwisho wa harusi yetu ni weusi mtupu."

Tuliyaacha hapo.

Kifaa nilikifunga katika stoo ya pembeni mwa nyumba, ambako huwa tunaweka magunia ya mpunga baada ya mavuno. Stoo ina mlango mmoja, upande wa kushoto wa aliyekaa mbele ya kompyuta, na mlango huo haufungwi mchana. Anayefunga mlango mchana hapa Ifakara ana nia ya kujioka. Nje yake kuna kibaraza kinachotoka sebuleni kwenda jikoni uani, kwa hiyo kila anayekwenda kuonja mchuzi hupita hapo.

Siku ya kwanza kofia ilifanya kazi vizuri asubuhi, ikapata wazimu adhuhuri, ikatulia lilipotanda wingu. Nilibadilisha waya. Nikaondoa programu na kuiweka upya. Mwisho niliinua macho, kitu ambacho ningeweza kukifanya mwanzoni bure. Mabati ya stoo ile tuliyahamisha kutoka nyumba ya zamani, na bati lililohamishwa huja na matundu yake ya misumari. Jua lilikuwa linapita kwenye matundu na kudondosha vitone vya mwanga mabegani mwangu, na kamera, ambayo jua kwake ni infraredi kama infraredi nyingine, ilivihesabu vyote. Ilidhani nina vichwa kadhaa. Nilipanda juu na kopo la lami nikaziba tundu moja baada ya jingine, na jirani aliyeniona aliniamkia kwa heshima kwa kuwa alidhani hatimaye natunza nyumba.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu.

Kwa miaka mingi aliendesha malori ya miwa huko Kidatu. Alipoacha kazi alinunua pikapu kuukuu, akarudi Ifakara kulima mpunga. Msimu mmoja, akiwa anavuna, bua la mpunga lilimchoma jicho la kushoto. Aliliona jambo dogo, akalisafisha kwa maji ya chai, akaendelea kuvuna. Alipofika hospitali jicho lilikuwa limekwisha. Daktari alimwambia lililobaki ni zima, na kwamba sasa shingo ndiyo itakayofanya kazi ya lile jingine: ajifunze kugeuka. Tangu hapo pikapu ilisimama uani kwake. Kila asubuhi aliiwasha, akaisikiliza inguruma, akaizima.

Mwaka huo mama yao, mama mkwe wangu, alikuwa kwetu akitibiwa mguu. Nyumba yake iko Sanje, chini ya milima, na mguu ulipoanza kupona alianza kuulizia migomba yake. Basi lipo kila siku. Lakini siku anaugua alikuwa amemwambia mwanawe wa kwanza, "Wewe ndiye utakayenirudisha nyumbani," na mwana akasema ndiyo. Kwa hiyo mama hakulitaka basi. Tulipolitaja aligeuza uso akaanza kuzungumza habari za kuku. Mke wangu kwa upande wake aliapa kwamba kaka yake hatashika usukani na mama yao ndani hadi athibitishe kwamba anaona upande wa kushoto, ambao kwa barabara zetu ndio upande wa baiskeli, wa wanafunzi na wa ng'ombe. Wote watatu walikuwa na haki, na wote watatu walikuwa hawasemezani vizuri mezani.

Shemeji alinikuta stoo nikiwa nimevaa kofia.

"Shemeji, hii nini? Umeanza kuchimba madini?"

"Ni kifaa cha kufuatilia kichwa."

"Kichwa chako kimekwenda wapi hadi kifuatiliwe?"

Nilimweleza. Mashemeji hutaniana, lakini nilipofika kwenye sehemu ya kugeuka kushoto aliacha utani. Aliomba kukaa. Alipoishika ile sahani ya plastiki niliyoiita usukani, mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyerudi kwenye kiti chake. Alibadilisha gia bila kuzitazama. Kisha akamgonga mwendesha baiskeli.

"Huyu ametokea wapi?"

"Alikuwepo muda mrefu," nilisema.

Alirudi nyuma, akajaribu tena. Kesho yake alikuja akiwa amevaa viatu, si kandambili. "Huendeshi gari na ndala," alinieleza.

Akawa anakuja kila alasiri. Alijifunza upesi kugeuza kichwa kabla ya kila kona, na waendesha baiskeli wa kwenye kompyuta wakaanza kuishi maisha marefu. Mke wangu alikuja kumtazama, akasimama muda mrefu amefumbata mikono, akatoka bila neno, jambo ambalo kwake ni pongezi. Mwishoni mwa wiki iliyofuata alikubali: mama akishaonwa na daktari mara ya mwisho, kaka atampeleka Sanje. Mama mkwe alianza kufunga vitu vyake kwenye kanga. Mimi nilitembea mtaani kwa mwendo wa mgunduzi.

Kulikuwa na dosari moja tu iliyobaki, na dosari hiyo ilinihusu mimi. Shemeji akikaa, kifaa kilikwenda sawa mwanzo hadi mwisho. Nikikaa mimi, mara kwa mara mwonekano ulianguka. Niko kwenye mteremko, abiria wangu wametulia, ghafla naona miguu yangu na pedeli, kisha barabara inarudi, kwa kawaida ikiwa imeshaniacha. Nilichomelea upya waya zote. Nilikaza njiti. Nilifikiri labda upara wangu unaakisi mwanga, nikavaa kitambaa chini ya kofia, nikatoka jasho hadi kibodi ikalalamika. Niliazima kofia ya mwanangu. Dosari ilibaki.

"Mashine inamjua dereva," shemeji alisema. "Wewe rudi kwenye makala."

Programu ile ilikuwa na kidirisha pembeni chenye kichwa kidogo cha rangi ya waridi, kisicho na macho wala mdomo, kilichofanya kila alichofanya mwenye kofia. Alasiri moja mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikuja kuketi juu ya gunia nyuma yangu akipepeta mchele kwenye ungo. Niliendesha. Mwonekano ukaanguka.

"Umeona? Imeanguka tena!"

Aliendelea kupepeta. Baada ya muda ukaanguka mara nyingine. Nilisikia ungo umesimama, kisha nikasikia kicheko kikianza chini kabisa na kupanda.

"Baba watoto, mashine yako haina ugonjwa."

"Ina ugonjwa. Umeuona mwenyewe."

"Nimemwona mama akipita mlangoni. Akienda jikoni unainama. Akirudi unainama. Na huyo jamaa yako wa waridi naye anainama. Ana adabu kuliko darasa langu zima."

Nilikana, kama msomi yeyote angekana. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji walioshuka hadi bonde hili na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa, na kwetu mama mkwe hatazamwi usoni. Akipita, kichwa kinashuka. Nimeishi mjini, nimesoma, nimetoa mhadhara mbele ya maprofesa, na shingo yangu haijapata habari hizo. Inainama yenyewe, kama jicho linavyopepesa. Kamera ilikuwa imefanya kazi yake kwa uaminifu siku zote, nami nilikuwa natafuta ubovu kwenye waya.

Shemeji alipofika, mke wangu hakuweza kusubiri hata amkaribishe. Alimsimulia akiwa amejishika mbavu.

"Kwa hiyo," shemeji alisema, akinitazama kwa huruma ya uongo, "basi zima la abiria linaingia mtoni kwa sababu ya mama yangu?"

"Ni heshima," nilisema.

"Waambie marehemu."

"Wewe usicheke," mke wangu akamwambia. "Hata wewe kichwa kitageuka. Hakuna mtu anayepitiwa na mtu mlangoni akatulia. Hebu kaa tuone."

"Mimi ni mwanawe. Namtazama nikitaka."

"Kaa, kaka."

Alivaa kofia, akakaa, akaondoa gari. Mngurumo wa injini ulijaa stoo. Mke wangu alichungulia nje na kuita kuelekea jikoni, "Mama! Hebu pita hapa mlangoni!"

"Nipite niende wapi?"

"Pita tu, kisha urudi!"

"Watu wazima hamna kazi," alisema mama mkwe, lakini akaja. Alikuwa peku, kama anavyotembea siku zote ndani ya ua, na fimbo yake aliiacha jikoni. Alipita. Mimi, niliyesimama nyuma ya kiti, niliinama bila kofia wala kamera. Kwenye kidirisha kichwa cha waridi hakikutikisika. Mke wangu alinikonyeza: kaka kashinda. Mama mkwe alifika mwisho wa kibaraza, akageuka, akapita tena, na safari hii akasimama mlangoni ameshika mwimo, karibu kiasi cha kuweza kumgusa mwanawe bega. Kichwa cha waridi kilitazama mbele.

"Mwambieni apite basi," shemeji alisema, macho barabarani. "Nina mlima mbele."

Nilimtazama mke wangu na nikaona kicheko kikimtoka usoni polepole. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kile kichwa kisichotikisika hakikuwa ushindi.

"Nimeshapita, mwanangu," mama yake alisema. "Nimepita na kurudi."

Shemeji aligeuka. Ilibidi ageuze shingo, kisha bega, kisha kiuno, hadi lile jicho zima likampata. Katika kompyuta gari liliacha njia, tukalisikia likigonga kitu kikubwa, na hakuna aliyelitazama.

"Uko hapo tangu saa ngapi?"

"Niko hapa," alisema tu.

Shemeji alivua kofia akaiweka juu ya meza kwa uangalifu, taa zikielekea juu. Kisha akaniuliza swali ambalo ningepaswa kuulizwa wiki kadhaa nyuma: "Shemeji, humu mimi nageuza kichwa kiasi gani?"

Nilimwonyesha. Kifaa cha aina hii huwekwa kiwe na ukarimu, la sivyo hakitumiki: unageuza kichwa kidogo tu, upana wa kiganja, na ndani ya mchezo dereva anageuka hadi dirishani. Ni lazima iwe hivyo kwa sababu skrini iko mbele yako, na ukigeuka kweli hutaiona. Kwa mchezaji ni raha. Kwa mtu anayetakiwa kuifundisha shingo yake kufika hadi begani, nilikuwa nimemfundisha kwamba upana wa kiganja unatosha.

"Iweke sawa na barabarani," alisema.

Niliiweka. Alivaa tena kofia, mama yake bado amesimama pale. Alipogeuka kushoto kutafuta kioo cha gari, skrini ilibaki pembeni upande wa kulia, mahali jicho lake halifiki.

"Sasa naona nini?" aliuliza, kisha akajijibu. "Naona gunia la mpunga."

Alirudia mara nyingine, kwa utulivu, kama fundi anayehakikisha kwamba kitu kweli kimevunjika. Nilianza kueleza kuhusu skrini tatu zilizopangwa kwa nusu duara. Mke wangu alinigusa mkono, nikaacha.

Siku zilizofuata shemeji hakuja. Mama mkwe hakuzungumzia safari, ila vifurushi vyake vya kanga vilibaki kando ya mlango wa sebule na sote tulivikwepa tukipita. Nilijua anachosubiri. Hakutaka kumwachilia mwanawe ile ahadi, maana kumwachilia ni kumwambia kwamba ameisha, na hakutaka kuifuata pia, maana alikuwa amesimama pale mlangoni na kuona asivyoonekana. Niliwahi kumsikia akiwaambia majirani kwamba mguu bado. Mguu ulikuwa umepona. Alikuwa anautembeza hadi sokoni.

Kisha asubuhi moja pikapu ililia nje. Shemeji alikuwa ameiendesha kutoka kwake hadi kwetu, mwendo wa kinyonga, akisimama kila kona na kugeuka mwili mzima. Nilipotoka alikuwa bado amekaa, shati limemlowa. Hakunisalimia kwa utani. Alimwita dada yake.

"Leseni yako bado unayo?"

Mke wangu alipata leseni enzi alipodhani shule itampa gari. Ilikaa kwenye pochi miaka yote, ikitolewa tu kama kitambulisho benki.

"Ninayo. Lakini kaka, mimi sijashika usukani tangu..."

"Sijakuuliza hilo. Ingia."

Walikwenda kwenye uwanja wa mpira, wakawa wanakwenda kila asubuhi kabla ya shule. Nilikwenda kuwatazama mara moja nikatamani nisingekwenda. Shemeji alikuwa mwalimu mkali. Alikaa kiti cha abiria, upande wa kushoto, na kutoka pale jicho lake zima lilimwona dada yake vizuri sana: mikono, miguu, hata alivyouma mdomo.

"Usiitazame gia! Gia haikimbii!"

"Usinipigie kelele, mimi si lori!"

"Lori linasikia!"

Nilitarajia wataacha baada ya siku mbili. Hawakuacha. Nilijaribu kusaidia kwa kupendekeza kwamba mke wangu afanye mazoezi kidogo kwenye kompyuta, na wote wawili walinitazama kwa namna iliyonifanya nikumbuke nina ripoti ya kuhariri.

Jumamosi moja tukampeleka mama. Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele. Mke wangu kwenye usukani, kaka yake katikati, mama yao dirishani upande wa kushoto. Mimi nilikaa nyuma na vifurushi, mahali panapomfaa mkwe na mtu mwenye utaalamu wa kompyuta. Dirisha dogo la nyuma halikuwa na kioo, kwa hiyo nilisikia kila kitu kuanzia tulipouacha mji hadi Mang'ula na zaidi.

"Baiskeli," mama mkwe alisema.

"Baiskeli kushoto," mwanawe akarudia.

"Nimeiona kabla yenu wote," mke wangu akasema.

"Umeiona, mbona huitikii? Dereva anaitikia."

"Nimeitikia!"

"Ng'ombe," mama mkwe alisema.

"Punguza. Gia ya tatu. Ya tatu, nimesema! Usimpigie honi ng'ombe, atasimama kukusikiliza. Sasa mpite. Pole pole. Haya."

Nilimwona ng'ombe akibaki nyuma yetu.

"Umempita vizuri," alisema, kwa sauti ya chini, kama anayelipa kitu.

Sanje tulifika mapema mchana. Majirani wa mama mkwe walitoka kwenye migomba yao kumpokea, wanawake wakamshika mikono yote miwili wakiangalia mguu wake. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu mume wake, alizunguka pikapu akiisifu. Shikamoo zilipokwisha alimpigapiga shemeji begani.

"Nilisema mimi! Nilisema huyu hamwachi mama yake apande basi. Umemleta mwenyewe. Jicho moja, na barabara yote hiyo!"

Mke wangu aliinama akaanza kutafuta kitu chini ya kiti. Mama mkwe alikuwa amesimama kimya na kifurushi kifuani. Nilielewa kwamba wote wawili walikuwa tayari kuliacha lipite vile vile, na kwamba hata mimi nilikuwa tayari. Ilikuwa ni suala la kunyamaza tu.

Shemeji alifungua boneti.

"Hapana, baba," alisema. "Dereva ni yule pale, dada yangu. Mimi nilikuwa utingo." Kisha akamgeukia dada yake, mwili mzima. "Na wewe dereva, mbona umeegesha juani? Lete maji, rejeta inachemka."